Folda ya Ngollo

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Julieth aliponiachia daftari hili alisema: "Mjomba, humu andika tarehe na nakala uliyochukua. Basi. Usiandike kitu kingine." Huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kasomea kompyuta Dodoma na kazi kaipata hukohuko. Nampenda, lakini hajui kwamba mtu kama mimi ukimpa kalamu na kurasa mia mbili huwezi kumpangia aandike tarehe tu. Mimi ni Ambrosi wa Goweko. Niliishia darasa la saba kwa sababu mwalimu mkuu aliona nikiendelea nitamaliza vitabu, wenzangu wasipate.

Kwa hiyo naandika. Mimi ndiye mtunza vifaa wa chama chetu cha wafuga nyuki. Ofisi ni chumba kimoja karibu na stesheni, sola juu ya bati, kompyuta moja mezani na diski moja nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni. Kwenye kompyuta kuna kila kitu cha chama: wanachama mia na themanini, mizinga yao, picha za miti ilikotundikwa. Kila siku saa kumi jioni, kabla jua halijaishiwa nguvu, nachomeka ile diski na kuchukua nakala ya vyote. Julieth anaita bakapu. Kompyuta ikifa, nakala inabaki hai.

Ratiba yake kaibandika ukutani, kana kwamba mimi nasahau. Nakala za kila siku, weka tano za mwisho, nyingine futa. Za Ijumaa, weka nne za mwisho. Za mwisho wa mwezi, USIGUSE mpaka uniulize. Hilo la mwisho kaliandika kwa wino mwekundu.

Babu wa babu yangu alikuwa kirangozi, yule mtangulizi wa msafara. Aliongoza wapagazi mia tatu toka Unyanyembe mpaka pwani na kurudi, pembe moja bega hili, pembe nyingine bega lile, na bado alipuliza baragumu. Bila karatasi. Leo kilembwe chake kinabandikiwa karatasi ukutani.

Nimechukua nakala.

Jumanne, 7 Novemba

Nakala. Joto la kupasua fuvu. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka.

Ijumaa, 10 Novemba

Nakala ya Ijumaa. Ilipofika katikati kompyuta ikaandika kwamba nafasi kwenye diski inakaribia kwisha. Nikampigia Julieth.

"Mjomba, wewe fuata ratiba tu. Diski kubwa nitakuja nayo Krismasi."

"Mpaka Krismasi tutakuwa tumelipuka."

"Hailipuki, Mjomba. Ila usifute kitu nje ya ratiba. Chochote. Tumeelewana?"

"Mama, mimi nimetoka Nzega na magunia kumi na moja juu ya baiskeli moja. Leo utanifundisha kupanga mzigo?"

Akacheka, simu ikakatika.

Jumatano, 15 Novemba

Mvua ya kwanza! Radi imepasua mti nyuma ya stesheni. Nilichomoa nyaya zote kwa mkono wangu, radi yenyewe ikanipitia mguuni na kutokea kisiginoni, na ule mguu uliokuwa ukiniuma sasa mzima. Nakala sikuchukua.

Alhamisi, 16 Novemba

Kompyuta nayo imeanza kuvuta miguu. Inafunguka kama mzee anayeinuka kwenye kigoda. Nikachunguza ni nani anayekula nafasi, nikamkuta: folda ya Ngollo. Folda moja, video thelathini na moja, inazidi picha za wanachama wote wengine ukizijumlisha.

Video hizo nilizipiga mimi. Ngollo alikuwa rafiki yangu tangu tukichunga ng'ombe. Mwezi wa saba, kifua chake tayari ni mbavu tupu, aliniambia nichukue simu ya chama twende porini. Siku tatu. Chini ya kila mzinga wake alisimama, akataja mti, akaeleza siri ya mzinga ule, wapi kauziba ufa na kwa kitu gani, kisha akamalizia: "Huu ni wa Minza, mke wangu." Alijua kaka yake Shilinde atakuja kusema ni mizinga ya ukoo, maana alama iliyochongwa kwenye yote ni ileile ya baba yao, mikato mitatu. Na kwa desturi yetu mwanamke haendi kambi ya asali, kwa hiyo Minza hajui hata mti mmoja. Mwezi wa nane tukamzika Ngollo.

Sasa angalia akili. Kwenye simu video hizo zilishafutwa kupisha nyingine, lakini zimo kwenye kompyuta, na zimo kwenye diski. Kitu kimoja kukaa mahali pawili ni sawa na mtu mmoja kutandika vitanda viwili. Nimezifuta kwenye kompyuta. Kwenye diski zipo. Kompyuta sasa inakimbia kama swala.

Julieth akisikia ataniandikia cheti.

Ijumaa, 17 Novemba

Nakala ya Ijumaa. Imeingia upesi, kama mtu asiye na mzigo.

Jumanne, 21 Novemba

Nakala. Mvua. Shilinde kapita dirishani kuuliza chama kina simu ngapi za kupigia picha. Nikamwambia hamsini. Tunayo moja.

Jumatatu, 27 Novemba

Mwenyekiti Valentino kaingiza kwenye kompyuta picha na video za semina yao ya siku tatu mjini. Ni nyingi kuliko nyuki. Nusu yake ni wajumbe wakila wali. Nikamwambia, "Mwenyekiti, nafasi." Akasema, "Hiyo ni historia, Ambrosi." Nani atafuta historia ya mwenyekiti?

Alhamisi, 30 Novemba

Leo ilikuwa siku ya nakala ya mwisho wa mwezi. Diski ikagoma. Imejaa, inasema, imejaa kabisa. Nikafuta za kila siku zilizozidi, bado. Kilichobaki ndani ni za siku tano, za Ijumaa, na zile za mwisho wa mwezi wa nane, wa tisa na wa kumi. Nikampigia Julieth, hapatikani. Nikasimama. Nikakaa. Nikatoka nje kutazama mawingu, nikarudi. Hapatikani.

Basi. Kuna jambo moja ambalo mtu wa Tabora analijua na chuo cha Dodoma hakifundishi. Mahindi ya mwaka jana hayachanganywi na ya mwaka huu ndani ya kihenge kimoja. Ya zamani ndiyo yanayovuta dumuzi, na dumuzi akishaingia anageuza kihenge kizima kuwa unga. Nilimshuhudia nikiwa mdogo: mama amefungua gunia, ndani hamna punje, vumbi tupu, na mama amekaa chini kalikumbatia. Toka siku ile nyumbani kwetu cha zamani kinaondoka kwanza ili kipya kipate hewa.

Nimefuta wa nane, wa tisa na wa kumi. Diski ikapumua, nami nikapumua. Nakala ya Novemba imeingia yote, na wajumbe wa Valentino ndani yake wakitafuna.

Ule wino mwekundu nimeufunika kwa kalenda.

Ijumaa, 1 Desemba

Nakala ya Ijumaa. Mvua imeanza kuwa na kiburi.

Ijumaa, 8 Desemba

Nakala ya Ijumaa. Kwa hiyo zikawa tano, na ratiba inataka nne. Nimefuta ile kongwe, ya tarehe 10 Novemba. Kwa ratiba kabisa. Asije mtu akasema sifuati.

Jumanne, 12 Desemba

Minza kaja asubuhi, matope mpaka magotini.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Za kwako?"

"Za kwangu ziko porini, zinagombewa." Hakukaa. "Shilinde kasema mbele ya wazee kwamba Ngollo hakuwa na mzinga hata mmoja. Yote ni ya baba yao, na ya baba ni ya wanaume. Mkutano wa chama wa tarehe ishirini na saba mwezi wa kwanza ndio utaamua iandikwe kwa nani. Mwenyekiti kasema nilete ushahidi. Nikamwambia ushahidi uko kwa Ambrosi."

"Uko!" Nikapiga meza. "Thelathini na moja, sauti na sura. Shilinde atatafuta pa kuficha uso. Njoo kesho nikufungulie, umwone mzee wako."

Hapo ndipo alipokaa. "Nitamsikia?"

"Utamsikia kama unavyonisikia mimi."

"Nimeanza kuisahau sauti yake, shemeji. Miezi minne tu."

Ana watoto wanne na shamba la mawe. Asali ya mizinga ile ndiyo daftari za watoto, ndiyo chumvi, ndiyo bati la nyumba. Nilimsindikiza mpaka njia panda nikimsimulia jinsi Shilinde atakavyozimia, na nilimfanya acheke.

Nakala.

Jumatano, 13 Desemba

Nimechomeka diski saa moja asubuhi ili Minza akute mambo tayari. Nikafungua nakala ya jana. Folda ya Ngollo hakuna. Ya juzi, hakuna. Ya Ijumaa iliyopita, ya Ijumaa ya kabla yake, ya kabla ya hiyo. Ya mwisho wa Novemba: wali. Hakuna Ngollo. Nikaichomoa diski, nikaipangusa kwa shati, nikaichomeka tena, kana kwamba mtu amejificha nyuma ya vumbi.

Mpaka saa nne ndipo nilipoelewa. Nakala ni nakala ya kilichopo. Tangu siku nilipomfuta kwenye kompyuta, kila jioni nilikuwa nanakili kutokuwepo kwake, kwa bidii kubwa, bila kukosa. Nakala zilizokuwa naye ni zile za kabla ya tarehe 16 Novemba tu, na hizo nimezila mwenyewe: za mwisho wa mwezi kwa hekima ya dumuzi, na ile iliyobaki kwa ratiba, Ijumaa iliyopita. Minza angekuja Alhamisi ile, siku moja kabla, ningempa mume wake.

Alikuja saa tano. Kavaa vitenge vya kanisani. Alipiga vitenge kuja kumsikia mtu akizungumza juu ya mizinga!

Nikamwambia kompyuta imeingiwa na unyevu wa mvua. Aje wiki ijayo.

Akaniamini. Hilo ndilo baya.

Alhamisi, 14 Desemba

Nakala.

Ijumaa, 15 Desemba

Nakala ya Ijumaa. Nimefagia ofisi mara tatu. Nimepanga rafu kwa urefu wa mafaili, kisha kwa rangi. Nimekwenda stesheni kutazama treni ambayo simsubiri mtu yeyote ndani yake. Siwezi kukaa. Nikikaa, miguu inaendelea peke yake.

Jumatatu, 18 Desemba

Julieth kapiga.

"Shikamoo, Mjomba. Diski inaendeleaje?"

"Marahaba. Inaendelea."

"Za mwisho wa mwezi hukugusa?"

"Wino mwekundu ule, nani aguse?"

"Maana mama Minza kanipigia. Kasema kompyuta ina unyevu. Unyevu gani?"

"Unyevu wa kawaida. Nimeiwekea mkaa chini ya meza."

Nikasikia magari ya Dodoma yakipita nyuma yake.

"Mjomba, kama kuna kitu kimefutika niambie leo. Leo, si Krismasi."

"Hakuna."

Nakala nimechukua.

Jumatano, 20 Desemba

Shilinde kaingia na chupa ya asali ya nyuki wadogo, ile nyeusi ya dawa, akaiweka mezani taratibu.

"Mwangaluka, bwana mkubwa," akanisalimu. "Nasikia kompyuta yako inaumwa."

"Inapona."

"Kuna wagonjwa wengine si vizuri kuwaamsha." Akakaa juu ya meza, si kwenye kiti. "Huyo shemeji yako msimulie zile hadithi zako, aburudike. Ile ya simba aliyekuamkia porini. Ile ya lori la tumbaku uliloziba injini yake kwa nta. Watu wanakupenda kwa hizo, Ambrosi. Hakuna anayekutegemea kwa zaidi ya hapo."

Alipoondoka chupa ilibaki. Sikuionja.

Niliionja. Kidole kimoja. Basi, nimeandika.

Nakala.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Baada ya misa watu wakanizunguka: Ambrosi, tupe moja. Nikasema nina kikohozi. Marcelina wangu akanitazama mpaka tukafika nyumbani. "Baba Mektilda, unaumwa?" Nikamwambia ni hii mvua. Akasema, "Mvua haijawahi kukunyamazisha."

Hata leo nilipita ofisini kuchukua nakala. Mikono inataka kufanya kitu.

Jumatano, 27 Desemba

Julieth kafika kwa treni ya asubuhi, begi mgongoni na diski kubwa ndani yake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Kaa. Hapana, usikae. Kaa."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni nimempa mgongo, natazama matone yakichimba chini ya bati. Folda. Kihenge. Ijumaa. Unyevu. Sikuongeza kitu, na ilikuwa fupi ajabu. Sikujua mambo yangu ni mafupi hivyo.

Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Tangu tarehe kumi na tatu ulipojua, uliendelea kuchukua nakala kwenye diski hii?"

"Kila siku," nikasema, na naona aibu kuandika kwamba nilisema kwa fahari. "Sikukosa hata moja."

Akafumba macho. "Kitu kikifutwa hakiondoki papo hapo, Mjomba. Kinalala pale chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Tarehe kumi na tatu Ngollo alikuwa bado yumo humu. Hata siku ile nilipokuuliza, huenda nusu yake alikuwepo. Ungeichomoa tu, ukaiacha mezani."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo umemfukia. Kidogo kidogo, kila saa kumi jioni."

Kufuta nilifuta kwa ujinga, na ujinga mtu husamehewa. Lakini tarehe kumi na nane niliulizwa kwa upole na mtoto wa dada yangu, naye alikuwa na dawa mkononi, nikamwambia hakuna.

Alhamisi, 28 Desemba

Siku nzima Julieth anachimba kwenye ile diski kwa programu yake. Mimi nachemsha chai ambayo hakuna anayekunywa. Jioni kimetoka kipande kimoja. Hakina picha. Sekunde kumi na moja. Upepo kwenye majani, kisha Ngollo, amechoka, karibu kabisa na sikio: "Ambrosi, acha porojo, shika simu vizuri."

Julieth akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Hicho si ushahidi wa kitu, Mjomba."

Najua.

Jumanne, 2 Januari 2024

Nimekwenda kwa Minza. Nimemkuta anapalilia mahindi. Nikamwambia yote palepale kwenye matuta. Jembe lake halikusimama.

"Niambie kwamba hii ni moja ya hadithi zako."

"Si hadithi, shemeji."

"Siku zote husema si hadithi."

Akapalilia tuta zima mpaka mwisho, akageuka, akarudi nalo la pili. Mimi namfuata kama mbwa. Nikampa simu asikilize zile sekunde kumi na moja. Akaziweka sikioni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tope la vidole vyake likabaki kwenye kioo.

"Ulikuwepo lakini," akasema. "Siku zote tatu ulikuwa naye."

"Nilikuwepo."

"Basi kumbuka."

Jumatano, 10 Januari

Nakala, kwenye diski mpya. Hii ina nafasi ya kutosha kuweka Goweko nzima.

Naandika miti. Nimefika kumi na tisa. Kila nikipata mmoja inabidi nisimame: ulikuwa mninga kweli, au naupendezesha? Kulikuwa na nyoka pale, au nyoka nilimwongeza nilipokuwa nawasimulia watu dukani? Miaka mingi kila nilichokiona nimekipaka rangi, tena rangi juu ya rangi, sasa nautafuta ukuta na siupati. Babu wa babu yangu, yule kirangozi. Leo nimejiuliza nani aliniambia habari zake. Nadhani ni mimi.

Jumatatu, 22 Januari

Nakala. Mvua. Miti ishirini na sita. Silali mchana, sili vizuri, natembea huku midomo inacheza. Watoto wananifuata wakidhani natunga mpya.

Jumamosi, 27 Januari

Mkutano. Watu wamejaa kibarazani, wengine chini ya miamvuli. Valentino akaniita nieleze habari ya video.

Nikasimama nikasema: "Zilikuwepo. Mimi nilizipiga, na mimi nimezifuta. Kwanza kwa kutojua, kisha nikaficha, na kule kuficha ndiko kulikozimaliza."

Wakacheka! Kicheko kizuri, cha kunipenda. Wakasogea mbele. Wanasubiri simba aingie.

"Endelea, Ambrosi! Kisha zikaota mbawa?"

"Hakuna mbawa," nikasema. "Ndiyo hivyo tu. Lakini nilisimama na Ngollo chini ya kila mzinga, nikamsikia akisema ni wa Minza, na naweza kusema alichosema."

Hapo Shilinde akainuka. "Ndugu wanachama, huyu ndiye shahidi? Huyu aliyepigwa radi ikamponya mguu? Mwenyekiti, ukimwamini Ambrosi leo, kesho uandike na simba wake uanachama."

Kicheko kikawa cha aina nyingine. Nilimwona Minza. Hakutazama mtu.

Valentino huyu namcheka kwa wali wake, lakini leo alikuwa mwenyekiti. Akanyoosha mkono mpaka wakanyamaza. "Mwenye mzinga anajua tumbo la mzinga wake. Shilinde anasema aliitundika yeye na baba yake. Ambrosi anasema aliambiwa siri zake na Ngollo. Jumatatu twendeni porini. Kabla Tobias, mpanda miti wetu, hajapanda, kila mmoja ataninong'oneza kilichomo juu. Tobias akifika, atatuambia. Ambaye hakujua, mzinga si wa upande wake. Wote wawili wasipojua, unabaki kwa alama ya ukoo, yaani kwa Shilinde."

"Na mimi nitakuja," akasema Minza.

Mzee Lukumani akasema mwanamke haendi kambini. Valentino akamjibu, "Hii si kambi, Mzee. Ni kesi."

Jumatano, 31 Januari

Tumerudi leo. Siku tatu, kama zile tatu, ila zile zilikuwa kavu. Naandika nikiwa na matope, Marcelina kaniwekea maji ya kuoga na yamekwisha kupoa.

Mti wa kwanza, mninga ukingoni mwa mbuga. Shilinde akanong'ona, nami nikanong'ona. Tobias akapanda na moshi wake, mtu mwepesi asiye na upande wowote, kazi yake ni kupanda tu. Akapiga kelele toka juu: "Ufa ubavuni! Umezibwa kwa nta na kitambaa chekundu!"

"Cha kanga," akasema Valentino, akinitazama mimi. "Ndivyo Ambrosi alivyosema. Shilinde kasema hauna ufa."

Minza aliinua uso kutazama juu. Kanga ile ilikuwa yake.

Wa pili, mfuniko umefungwa kwa waya wa baiskeli. Ndiyo. Wa tatu, gogo lina kovu la moto, Ngollo alilisugua kwa majani. Ndiyo. Wa nne, wa tano. Watu bado walikuwa wakitaniana: kasuku leo kakariri! Shilinde akaanza kusema tumepanga na Tobias.

Wa sita ni mti wa mtundu, mkubwa, penye kichuguu. Nikasimama chini yake nikatazama juu. Nikaona majani. Nikamtafuta Ngollo, nikamwona amesimama palepale, anafungua mdomo, na hakuna sauti. Mvua ikinichuruzika shingoni. Valentino kaleta sikio.

Kusema jambo kulikuwa rahisi. Nta na kitambaa; mizinga mingi ya Ngollo ina nta na kitambaa, ningeweza kabisa kupatia. Maisha yangu yote sijawahi kukosa la kusema chini ya mti. Na Minza alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, gunia kichwani kuzuia mvua, ananitazama. Alijua kwamba ninaweza.

Lakini ningepatia kwa kubahatisha, basi hata ile mitano ya kwanza ingekuwa ya kubahatisha.

"Huu sikumbuki," nikasema. Si kwa kunong'ona.

"Rudia," akasema Valentino.

"Sikumbuki, Mwenyekiti. Aliniambia, nami nimesahau."

Hata wale wa nyuma waliokuwa wakitafuna miwa wakaacha kutafuna. Tobias alikuwa amekwisha kushika mti, akageuka kunitazama. Mzee Lukumani, ambaye miaka ishirini ananiita kasuku, akatema mate pembeni, akasema, "Haya. Twendeni wa saba." Toka hapo hakuna aliyecheka, na Shilinde hakuirudia tena habari ya kupanga na Tobias. Kila niliposema, wakasubiri tu Tobias ahakikishe, kama watu wanaosubiri saa igonge.

Nilisema sikumbuki mara tatu nyingine. Minza ishirini na saba. Shilinde minne, na anayo haki, ndivyo tulivyokubaliana.

Njiani kurudi nilitembea wa mwisho. Sikuwa na la kusema, na hakuna aliyeniomba.

Ijumaa, 2 Februari

Nimeingiza mizinga kwenye kompyuta kwa jina la Minza, mmoja mmoja, na siri ya kila mmoja. Nakala ya Ijumaa kwenye diski mpya. Nyingine nimempelekea Julieth Dodoma kwa simu, nikangoja mpaka akasema imefika na imefunguka.

Minza kaja kuweka sahihi. Akasoma mistari yote ishirini na saba, kidole chini ya kila neno. Akatia sahihi. Nikadhani anaondoka, akasimama mlangoni.

"Ile minne ilikuwa mizuri, shemeji. Ngollo alikuwa akisema mtundu ule haukuwahi kumnyima asali."

"Najua. Nisamehe."

"Utasimulia habari hii. Nakujua. Mwaka huu hutaweza, mwakani utaanza." Akafunga mwamvuli wake vizuri ingawa nje bado kulikuwa kunanyesha. "Ukisimulia, usije ukasema ilikuwa miwili."

"Minne," nikasema.

"Minne," akasema, akaondoka.